Kaka Aliyeyaona Maji

Ndugu zangu, nawaomba mtulie mnisikilize, kwa maana nyumba ninayotaka kuwasimulia ilikuwa nyumba njema, na wengi wa wakubwa wenu walikula humo na kushiba.

Ilikuwa hapa hapa Buguruni, miaka ile ya hamsini, Mwingereza akiwa bado anatawala. Kamugisha alikuwa karani wa forodhani, Mhaya wa Bukoba, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na maneno ya kupimwa. Mkewe alikuwa Jovina, na binti yao Yuliana. Waliishi na mdogo wake Kamugisha, Projestus, ambaye Kamugisha mwenyewe alimleta mjini akiwa kijana asiye na viatu, akamsomesha mpaka akawa mwalimu. Hilo mlikumbuke. Yule ambaye Kamugisha alikuja kumwonea wivu si mtu baki. Ni mtoto aliyemlea.

Jumapili moja ya Novemba, baada ya misa, Jovina alikuwa uani akikaanga senene, wale panzi wa kwao Bukoba. Mie ni jirani, harufu ilinifuata mpaka kwangu, nikaenda bila kuitwa. Nikamkuta na Muhsin bin Zahor, mwenye duka la pembeni, amekaa na kahawa yake. Senene aliwakataa kwa heshima, akisema tumbo lake halijawazoea. Kamugisha na Projestus nao walikuwapo, tulikuwa tunacheka. Yuliana alikuwa amelala kwenye mkeka. Basi ilikuwa hivyo, jioni ya watu wasiodaiana neno.

Kisha Kamugisha akakichukua kifurushi walichokuja nacho senene wale, akakigeuza. Kilitoka kwa mama yao, Bukoba. Kila mwaka kiliandikwa jina la Kamugisha. Mwaka huo kiliandikwa: Mwalimu Projestus.

"Mama amesahau," alisema Kamugisha. "Amesahau nani aliyekununulia viatu vya kwanza."

Projestus akacheka, akidhani ni utani. "Kaka, si tunakula wote?"

Kamugisha hakucheka. Jovina, kwa kutaka kuyapoza mambo, akasema, "Shemeji, hebu tuhadithie tena lile korongo. Pale mlipopita ukingoni."

Angejua, asingesema. Projestus alikuwa mpenda safari za miguu, na mwaka uliopita alikuwa amepita na walimu wenzake katika Korongo la Mbwindi, huko nyuma ya milima ya Morogoro, mahali pasipo kijiji wala moshi wa jiko. Alijua kusimulia. Alieleza kuta za mawe zinavyopanda mpaka anga linabaki kama utepe, na njia isiyo njia, ambapo mtu hupita mtoni penyewe, maji kiunoni. Muhsin aliacha kahawa ikapoa. Kamugisha akamtazama mkewe, akaona ameacha kutafuna. Baadaye alikuja kuniambia kwamba alijiuliza swali moja tu: mie nimeshawahi kusema nini hata huyu mwanamke akasahau kutafuna?

"Mkienda tena nitakwenda na mie," alisema ghafla.

"Kaka, njia ile ni ngumu. Inataka mazoezi."

"Unaniambia sina miguu?"

"Sikusema hivyo, kaka."

"Basi tunakwenda."

Likizo ya Desemba ilipofika wakaondoka watatu: Kamugisha, Projestus na Muhsin, aliyesema naye amechoka kuuza sukari. Walipanda treni mpaka Morogoro, wakapanda lori mpaka barabara ilipoishia, kisha wakatembea.

Kabla ya kuingia korongoni, Projestus aliwasimamisha. "Humu hatari ni moja kubwa," alisema. "Mvua inaweza kunyesha milimani huko juu, sie hapa tukawa juani. Mkiona maji yamegeuka rangi, yanakuja na majani na povu, usiulize, usingoje. Piga kelele, panda juu."

Wakaitikia wote.

Siku ile ya kwanza ilikuwa aibu tupu kwa Kamugisha. Mawe yaliteleza kama yamepakwa sabuni. Projestus aliruka kutoka jiwe hadi jiwe, akafunga kamba, akawashika mikono. Kamugisha alianguka mara nyingi mpaka suruali ikapasuka gotini. Mchana pumzi ikamwishia, na Projestus akauchukua mzigo wa kaka yake akauweka juu ya wake. Ndugu zangu, yule alifanya kwa mapenzi. Lakini mtu mwenye wivu ukimsaidia ni kama umemtukana. Kila Projestus aliponyoosha mkono, Kamugisha aliona mkono unaomwambia: wewe sasa ni mdogo.

Siku ya pili walifika mahali pembamba kuliko pote, kuta mbili karibu kugusana. Kamugisha na Muhsin walivutwa kwa kamba mpaka kwenye mwamba wa juu. Projestus akarudi chini kufuata mizigo. Muhsin, huku akipangusa jasho, akasema, "Kamugisha, Mungu amekupa ndugu. Mie ningekuwa na mdogo kama huyu, ningetembea kifua mbele mji mzima." Kisha akageuka kuifunga kamba vizuri kwenye jiwe.

Kamugisha alikuwa ameketi ukingoni, akitazama kule maji yanakotoka. Hapo ndipo alipoona mto umegeuka. Ulikuwa mweupe unaoonyesha mchanga, sasa ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, na majani mabichi yanazunguka juu yake.

Alijua. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga.

Hakutaka mdogo wake afe. Alikuja kuapa hivyo, na mie namwamini. Alitaka alowe tu. Alitaka fundi wa makorongo aanguke mara moja kama wengine, atoke anatweta, Muhsin amwone, na kisa hicho kisimuliwe uani pale Buguruni Jovina akicheka. Aliyataka maji yamshushe mdogo wake kidogo. Lakini maji hayapimi.

Muhsin ndiye aliyesikia mngurumo. Akapiga ukelele, "Mwalimu! Maji! Maji!" Projestus akainua uso, akaitupa mizigo, akaishika kamba. Alikuwa amekwisha panda nusu mto ulipomfikia. Gogo lilikuja na maji likaubana mguu wake wa kulia kwenye mwamba, na ukelele alioutoa, Muhsin alisema, hakuufananisha na sauti ya binadamu.

Walimvuta. Maji yalipopungua, Kamugisha alimfunga mdogo wake mgongoni kwa shuka, akambeba. Yule aliyeshindwa kubeba mfuko wake mwenyewe alibeba mtu mzima juu ya mawe yale, akilia, akikataa kupokewa na Muhsin hata pale magoti yalipokuwa yanachuruzika damu. Huko hospitali mguu ulikatwa chini ya goti.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yanavyogeuka. Waliporudi Buguruni, sifa zote zilikuwa za Kamugisha. "Ndiye huyo aliyembeba ndugu yake!" Watu waliingia uani kumtazama. Mama yao aliandika kutoka Bukoba kumbariki. Jovina alitembea kwa majirani akijisifu, na mumewe alipokuwa anazungumza, alimkodolea macho asitikise hata kope. Kila alichokitamani alikipata. Akakonda. Akaacha kula. Akaacha kushiriki komunyo, nasi tukadhani ni huzuni.

Pasaka ilipopita, wakafanya karamu ya shukrani. Projestus alisimama kwa magongo yake mbele ya watu wote, akasema, "Mie nisingekuwa hapa. Kaka amenilea mara mbili. Mara ya kwanza kwa mshahara wake, mara ya pili kwa mgongo wake." Akina mama wakapiga vigelegele.

"Nyamazeni," alisema Kamugisha.

Hatukusikia vizuri. Akasimama. "Nyamazeni, nawaombeni! Niliyaona maji."

"Maji gani, Baba Yuliana?" aliuliza Jovina.

"Ya korongoni. Niliyaona yamegeuka, nikanyamaza. Nilikuwa namwonea wivu."

Mie nilikuwa nimeshika sahani ya pilau, sikujua pa kuiweka. Muhsin aliinuka, akaweka kikombe chake chini taratibu, akatoka nje. Projestus alibaki amesimama.

"Uliyaona muda gani, kaka?"

"Muda wa kutosha."

"Ungeniita tu," alisema Projestus. "Jina langu tu. Ningelisikia."

Juma lile lile alihamia Temeke, kwa mwalimu mwenzake. Alipokuwa akiondoka, Kamugisha alipiga magoti mlangoni. Projestus akamwambia, "Inuka, kaka. Kunibeba ulinibeba, sitakana. Mguu nimekusamehe. Lakini siwezi kulala nyumba moja na wewe. Kila nikishtuka usingizini nitakuwa nasikiliza kama kuna maji."

Kila Jumapili Kamugisha alikwenda Temeke. Projestus alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akamuuliza hali ya Yuliana. Zaidi ya hapo hawakuwa na la kusema. Na Projestus alipotaka kuoa, aliyemtuma kwenda kumposea, akae mahali pa kaka mbele ya wakwe, alikuwa Muhsin bin Zahor. Siku ya harusi Kamugisha alikuja na zawadi yake kama wageni wengine, akatafuta nafasi, akakaa nyuma.

FUNZO

Ndugu zangu, tusidhani wivu ni wa maadui. Adui humwonei wivu, unamchukia tu, yakaisha. Wivu unamtafuta yule uliyemlea, uliyemfundisha, unayekula naye sahani moja. Wala hauhitaji kisu. Kamugisha hakumgusa mdogo wake hata kidole. Alifunga mdomo, basi.

Kwa hiyo ndugu yako akisifiwa, nawe ukahisi kitu kinakuuma kifuani, kiseme mapema. Mwambie mkeo, mwambie padri au shehe wako, mwambie hata huyo ndugu mwenyewe, afadhali akucheke. Usifunge safari nacho. Na sie tunaokaa kwenye nyumba za watu tukisifu mmoja mbele ya mwingine, nami nilikuwa mmojawapo, tukumbuke kumsifu na yule aliyenunua viatu. Na mzazi anayeandika jina la mtoto mmoja juu ya kifurushi cha wawili, aandike majina yote mawili.

Ukiyaona maji yanamjia mwenzako, piga kelele. Mengine mtayazungumza mkiwa juu, wote wazima.