Masanduku Matatu kati ya Saba

Vumbi ndilo aliloliona kwanza.

Masanduku saba ya cherehani yalikuwa na vumbi kila upande, lakini lakiri zake za bati ziling'aa kama vijiko vipya. Kuna mtu aliyafungua, akayafunga tena.

Eugénie alijibanza nyuma ya marobota ya mitumba. Casio mkononi: saa nane na dakika kumi. Nje ya ghala, mitaa ya Area 25 ilikuwa na kelele za kawaida, na mlinzi alikuwa kwenye kizingiti akila ugali wa nsima.

"Sindano, sema," redio ya Motorola ikanong'ona sikioni, ikimwita kwa jina lake la kazi.

"Niko ndani, patron. Masanduku iko saba."

"Saba?"

Norbert, mkuu wake, alikuwa ofisini City Centre. Asubuhi walinasa maneno ya adui redioni: bastola zimo katika masanduku matatu, na matatu hayo pamoja ni kilo sabini na tatu. Saa kumi zingetumika katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kumzima fundi cherehani Théophile kabla hajaenda kutoa ushahidi wa mauaji ya miaka miwili iliyopita kijijini kwao, Fizi.

"Polisi waingie?" akauliza Eugénie.

"Wakiingia sasa tunapata bastola, tunakosa watu. Kesho watarudi na visu. Na Théophile akifa, hakuna mwingine aliyeona."

Eugénie akaingiza mkono mfukoni.

Mfukoni alikuwa na lakiri za bandia tatu tu. Akifungua sanduku la nne, watajua.

Uzito uliandikwa kwa chaki. Akausoma: 37, 33, 28, 23, 17, 14, 9.

"Ngoja," Norbert akasema. "Kuchagua matatu kati ya saba kuna njia thelathini na tano. Naziandika zote, halafu nachuja."

"Utamaliza mulinzi amekula na amelala, patron. Papa Théophile hashonake gauni mpaka mwisho njo apime. Anapimaka kila bandi."

Akaanza na 37. Bado 36, masanduku mawili.

Akaongeza 33. Bado tatu, na dogo kuliko yote lilikuwa la kilo tisa.

Fumua.

28. Bado nane.

Fumua.

23, 17, 14: hakuna lililotimiza. Basi 37 likaachwa pamoja na jozi zake zote, hakuligusa tena.

Swali lile lile, sanduku lililofuata. 33. Bado 40. Akaongeza 28: bado kumi na mbili, hakuna. Akajaribu 23.

Bado kumi na saba.

Lilikuwa pale, mbele ya goti lake.

"Makumi tatu na tatu, makumi mbili na tatu, kumi na saba," akanong'ona.

"Mimi niko njia ya tisa," Norbert akasema kinyonge.

Bisibisi ya cherehani ikafanya kazi. Sanduku la kwanza: Makarov, imefungwa kitambaa. Akatoa pini ya kupigia risasi, akarudisha bastola, akabana lakiri.

La pili.

Nje maji yakamwagika. Mlinzi alikuwa ananawa.

La tatu.

"Zikomo, amayi," mlinzi akamshukuru mama wa chakula. Kisha hatua.

Lakiri ikabana. Eugénie akapita dirisha la nyuma.

Saa kumi, Dzaleka. Théophile alikuwa barazani, mbele yake foleni ya wateja. Wanaume watatu wakaipita.

"Fundi, tumefuata koti yetu."

"Risiti iko wapi?" Théophile akauliza, bila kuinua macho.

Makarov tatu zikatoka.

Kachi. Kachi. Kachi.

Foleni yote ikageuka. Sita kati ya wateja walikuwa polisi, na walikuwa na pingu.

Eugénie akaweka pini tatu katika kopo la vifungo la mzee. "Papa, hizi usizishone."

Akaondoka taratibu, kuelekea gari la City Centre lililokuwa likimsubiri Théophile.

"Umeokoa shahidi wetu pekee," Norbert akasema redioni.

Eugénie akasimama. Miaka miwili alikuwa amelimeza neno hili.

"Andika na wa pili, patron."

"Nani?"

"Mi. Ile siku ya Fizi nilijificha mu mihogo. Niliona vyote."