Mpira wa Sita

Mwalimu Phanuel Andati amekuwa jirani yetu hapa Amalemba, Kakamega, kwa miaka minane, ukuta kwa ukuta. Alifundisha Jiografia, alikuwa mzee wa kanisa, na sauti yake hukuisikia ikipanda hata siku kuku wa watu wakimlia sukuma. Haya ninayoyasimulia niliyapata kwake mwenyewe, na mkewe Musimbi alikuwa ameketi kando akiitikia kwa kichwa. Sijatia chumvi. Ilitosha.

Andati alikuwa na ugonjwa mmoja tu: vitabu vya kale vya kriketi. Wala si vya kriketi yote. Ujana wake aliupitisha Kisumu, akiandika alama katika klabu moja ya Wahindi, na huko ndiko mchezo ule ulikomwingia damuni. Mpigaji husimama na gongo bapa akilinda vijiti vitatu vilivyosimikwa nyuma yake. Mrushaji humtupia mpira mgumu wa ngozi nyekundu. Wengi hurusha kwa nguvu kama watu wanaofukuza nyani shambani. Lakini wapo wachache wanaorusha polepole, kwa ujanja wa vidole. Mpira huja umelegea, unadunda chini mara moja, kisha unageuka na kushika njia ambayo mpigaji hakuiwazia. Vitabu vya hao wachache ndivyo Andati alivyovitafuta, kwa mapadri waliostaafu, kwenye stoo za shule, kwa wajane wa makarani. Alikuwa navyo kumi na vinne. Kila alichokipata alikipiga muhuri wa wino wa buluu: MALI YA PH. ANDATI.

Mwaka 1996, mwaka ule timu ya Kenya ilipowashinda West Indies kwenye Kombe la Dunia, kila mtu alianza kujidai anaijua kriketi. Mwezi wa Juni mwalimu mwenzake akamwambia kwamba kule Chekalini, katika nyumba ya mzungu mmoja wa zamani, kuna mjane mwenye sanduku la vitabu vya mchezo huo. Jumamosi asubuhi Andati akaenda.

Nyumba ilikuwa ya mawe, paa la mabati limeota kutu, mahindi yamesogea hadi dirishani. Mjane akatoka. Pascalia, mama wa makamo ya kuzeeka, leso imefungwa kichwani.

"Mulembe, mama."

"Mulembe. Ni wewe wa vitabu?"

Sanduku lilikuwa limeliwa na mchwa, vitabu vyote vimekuwa vumbi. Kimoja tu kilikuwa kizima, jalada jekundu lililokoza. Mchwa walikuwa wamekizunguka bila kukigusa. Pascalia alikitoa kwa kukishika na gunia, akampa.

"Nikupe nini, mama?"

"Usinipe kitu. Enda nacho tu."

Hakumkaribisha ndani. Hakumpa chai. Andati alizaliwa Uluhyani, akakulia humo, na hakuwahi kuondoka kwenye boma la mtu bila hata kikombe cha maji. Alipogeuka langoni kumpungia mkono, alimwona Pascalia ameinama kwenye karai, anaosha mikono kwa majivu.

Lakini furaha ilimpofusha. Kitabu kilichapishwa mwaka 1937, na mwandishi wake, Pelling, ndiye aliyekuwa mwenye shamba lile. Jumapili baada ya ibada Andati alikifungua mezani, mlangoni mwa sebule, penye mwanga. Katikati palikuwa na picha sita, kila moja na ukurasa wake. Picha zote zilionyesha kitu kimoja: mkono wa kulia umeukamata mpira, vidole vimekunjwa kwa namna asiyowahi kuiona. Na mkono wenyewe ulikuwa mweusi. Mkono wa Mwafrika, wenye sugu, ukucha wa kidole gumba umepasuka. Chini ya kila picha mwandishi alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba huo ni mkono wake yeye mwenyewe.

Andati akacheka. "Mama Awinja, njoo uone mzungu mweusi!"

Musimbi alikuja akipangusa mikono, akatazama, hakucheka. "Huyu mtu hakufurahi kupigwa picha," alisema. "Ona mishipa."

Andati alichukua muhuri wake. Akaugonga chini ya picha ya sita, pale pale penye mkono. MALI YA PH. ANDATI.

Jumatatu, saa kumi alasiri, mvua ya Kakamega ilianza kunyesha kama kawaida yake, na ngurumo juu. Andati alikuwa akisahihisha madaftari. Nyuma yake kitu kikadunda sakafuni mara moja. *Dú.* Kisha kikabiringika, shrrr, kikapinda kona ya kabati na kunyamaza.

"Nani anacheza mpira huko?" Musimbi aliuliza kutoka jikoni.

Hapakuwa na mtu. Binti yao Awinja alikuwa shule ya bweni, Butere. Andati alipiga magoti akachungulia chini ya kabati. Hamna. Alipofungua kitabu chake kujiliwaza, aliona kwamba mkono wa picha ya kwanza ulikuwa wazi, vidole vimetawanyika. Mpira haukuwamo.

Alijiambia kwamba alikuwa ameikosea picha. Mtu hujiambia mengi.

Jumanne, saa kumi, mvua. *Dú.* Picha ya pili, hakuna mpira.

Jumatano hakuingoja sauti. Alikaa na kitabu wazi mapajani, akiikodolea macho picha ya tatu. Radi ikapiga, akapepesa jicho. Mara moja tu. Mpira ukadunda karibu na kiti chake, na alipotazama tena, kiganja cha pichani kilikuwa kitupu.

Siku hiyo hiyo jioni, kabla jua halijazama, waliketi kula. Obusuma na ingokho, ugali na kuku. Andati alikata tonge, akaliviringa mkononi, akaendelea kuliviringa. Tonge likawa duara. Vidole vikalizungusha, vikalibana, vikaligeuza, haraka, kwa ufundi. Mchuzi ukapoa.

"Baba Awinja, kula."

Vidole havikukoma. Jasho lilikuwa limemtoka paji lote la uso.

"Baba Awinja, acha kuchezea chakula."

"Si mimi," alinong'ona. "Musimbi, si mimi ninayefanya hivi."

Alilazimika kuukamata mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ndipo ukatulia. Tonge lilianguka mezani. Halikulala. Lilizunguka palepale kama pia, muda mrefu kuliko inavyowezekana kwa ugali.

Alhamisi chaki ilimtoka darasani mara tatu, vidole havikutaka kunyooka. Saa kumi nyumbani, *dú*. Picha ya nne.

Ijumaa, picha ya tano. Safari hii mpira ulidunda katikati ya miguu yake, na upepo wake ukampiga magotini. Alipoitazama picha ya sita aliona kwamba mkono uliobaki na mpira haukuwa tena umekaa kiubavu. Ulikuwa umemgeukia. Na ule muhuri wa buluu ulikuwa umelowa, kana kwamba umepigwa dakika hiyo.

Musimbi ndiye aliyekata shauri. "Kesho asubuhi tunakirudisha. Kitu cha watu hurudi kwa watu."

Pascalia aliwaona wakija, akasimama mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili.

"Hiyo haiingii hapa," alisema kabla ya salamu.

"Mama, tuambie ni nini," Musimbi alisema. "Mume wangu anapotea nikimwona."

Mjane alitazama mahindi, akatazama kitabu. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka nyumba yake isikie.

"Pelling alikuwa na mtunza farasi. Yule ndiye alikuwa na hiyo mkono. Baba mkwe wangu alifanyanga kazi hapa, alimwona. Akirusha mpira, unazunguka nguzo ya stoo, unamrudia. Pelling akampiga picha mwezi mzima. Halafu kitabu kikatoka. Siku wazungu wanakunywa hapo veranda wakimsifu, mtunza farasi akaja, akauliza, 'Huu mkono ni wa nani?' Pelling akamwambia, 'Ni wangu. Kila kitu kwa shamba hii ni changu.'"

"Halafu?"

"Walimpata kwa mto siku ya tatu, amekufa. Mkono wa kulia hakuna. Si eti ulikatwa, hapana. Hapakuwa na kidonda. Hapa kwa kifundo palikuwa laini tu, kama goti ya mtoto mchanga. Kama mtu hakuzaliwa nao." Alimeza mate. "Pelling alikaa siku sita, halafu naye akafa."

Andati alihisi vidole vyake vikijikunja mfukoni. Katika kriketi, mrushaji hupewa mipira sita. Ikiisha, zamu yake imeisha.

"Na mzee wako?" Musimbi aliuliza.

"Masinde wangu, tulipopewa hii shamba, aliandika jina lake ndani. Alisema nyumba ni yetu, na vitu vya ndani ni vyetu. Aliulizwa ile swali. Akasema hajui. Hakuipita siku ya sita."

Andati alikitazama kitabu.

"Ulijua," Andati alisema. "Ulinipa ukijua."

"Nilijua." Hakuinamisha macho. "Niko na wajukuu wanne hapa ndani. Mmoja ameanza kujua kuandika jina."

Alifunga mlango. Waligonga, hakufungua. Ni Musimbi aliyepaza sauti kupitia tundu la komeo: "Mama, jina lake! Tupe hata jina tu!" Wakangoja. Wakakata tamaa. Walikuwa wamefika langoni sauti ya mjane ilipowafikia kutoka dirishani, neno moja tu.

"Shikanga."

Kitabu walikiacha shambani, kwenye mtaro kati ya mistari ya mahindi, na jiwe juu yake. Walitembea hadi barabarani bila kugeuka. Walipofika Amalemba ilikuwa saa tisa na nusu, wingu limeshuka hadi kwenye miti. Musimbi alifungua kufuli kwa mkono wake mwenyewe.

Kitabu kilikuwa mezani. Kimefunguliwa penye picha ya sita. Jani la mahindi, bichi, lilikuwa limelazwa kati ya kurasa.

Andati alikaa kwenye kiti kilichoelekea meza. Alijaribu kuinuka, hakuweza. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeushika mguu wa kiti, nao haukumsikiliza tena.

"Tuombe," Musimbi alisema.

Waliomba. Mvua ikaanza. Kwanza matone makubwa juu ya bati, kisha yote kwa mara moja, hata sauti zao hawakuzisikia.

Saa kumi.

Mvua iliendelea, lakini haikusikika tena. Ndani palikuwa kimya. Harufu ya farasi ikajaa chumba, harufu ya jasho na nyasi. Kule mlangoni, mahali ambapo hapakuwa na mtu, mtu alivuta pumzi.

"Huu mkono ni wa nani?"

Sauti haikuwa kali. Ilikuwa ya mtu aliyeuliza kwa adabu, akachoka kungoja jibu.

Andati alifungua kinywa. Jina alikuwa nalo kwenye ulimi. Halikutoka. Pale mezani, mkono wa pichani ulikuwa ukienda nyuma, taratibu, ukichukua nguvu.

"Huu mkono ni wa nani?"

"Ni..." Machozi yalimtoka. "Ni..."

Picha ikawa nyeupe.

"Ni wa Shikanga!" Musimbi alipasua sauti. "Ni mkono wa Shikanga! Si wa Pelling, si wa mume wangu! Ni wako, baba, ni wako!"

Mpira ulikuwa umeshatoka. Hawakuuona, lakini wote wawili waliusikia ukija hewani, ukivuma kama nyuki mmoja. Ulikuwa unakuja kwa Andati, wala haukuwa na haraka. *Dú*, sakafuni, hatua moja mbele yake. Akafumba macho.

Ukageuka.

Ulipita sikioni kwake, karibu hata alihisi mshono wa ngozi ukimkwangua. Akangoja usikike ukigonga ukuta. Haukugonga. Kisha mvua ikarudi masikioni mwao, nzito, na mkono wake ukaachia kiti.

Waliketi sakafuni wameshikana mpaka mvua ilipokatika. Andati akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa ule wa kulia ulikuwa umekunjika na haukukunjuka tena, mpaka leo. Chini ya kila picha akafuta maneno ya Pelling, akaandika, kwa herufi za mtoto wa darasa la kwanza: Mkono wa Shikanga. Mara sita. Jumatatu alikipeleka kwa ukoo wa Shikanga, aliowapata baada ya kuuliza sana, nao walikizika kwenye boma lao bila kumwuliza lolote. Mzee mmoja tu ndiye aliyemshika ule mkono uliokunjika, akautazama kwa muda, akaitikia kwa kichwa.

Ile sebule nimeingia mwenyewe. Sakafu ni ya saruji, imekauka tangu nyumba ijengwe, ngumu hata msumari hauingii. Lakini mbele ya kiti cha Mwalimu kuna kishimo cha duara, kina cha nusu kidole, na ndani yake, ukipitisha kidole, unaihisi alama ya nyuzi za mshono. Fundi alikiziba mara mbili. Mara zote mbili saruji ilitoka asubuhi yake, nzima, kama kifuniko.

Sasa wamekiacha. Wametandika mkeka juu. Siku Musimbi akipiga deki huutoa, na maji kidogo hubaki mle kishimoni. Alinionyesha. Tulichuchumaa wawili, hatukugusa kitu, dirisha limefungwa, upepo hamna. Maji yalitulia kwanza. Kisha yakaanza kuzunguka, polepole, kuelekea kushoto.