Kitambaa Hakitoshi

Lifti ya jengo lile ilikuwa imegoma tena, na umati uliobanana mbele ya mlango wake uliitukana kana kwamba ina masikio. Katikati ya umati alisimama dada mmoja aliyevaa gauni la njano lililomkaa mwilini sawasawa, kwa kuwa alilishona mwenyewe, na kwapani amebana boksi la viatu. Shangazi yake, mwenye duka la ushonaji ghorofa ya nne, alimpachika jina la Sindano tangu mdogo, na jina hilo halikukosea njia. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, na ukimgusa vibaya anachoma.

Mtu akampiga kikumbo. Boksi likaanguka, vipande vya kadibodi vikamwagika sakafuni, na vingine vikapenya kwenye mlango wa lifti uliokuwa wazi nusu.

"Nani huyo ananimwagia vitu kichwani?" sauti iliuliza kutoka chini.

Kikachomoza kichwa, kisha mabega, kisha ovaroli ya bluu yenye grisi kifuani. Fundi wa lifti alikuwa ameshika vipande viwili na anavigeuzageuza.

"Hii ni kola," alisema. "Na hii?"

"Suruali ya mtoto. Nipe."

"Mbona kidogo hivi? Unamshonea panya?"

"Ni mchezo wa mezani," alijibu Sindano, na papo hapo akatamani kuyameza maneno yake, maana hajawahi kumwambia mtu yeyote.

"Umeutunga wewe?"

"Kwani mimi sina kichwa?"

"Kichwa unacho, na kizuri, nimekiona."

"Kaka, tengeneza lifti, utatongoza baadaye!" mtu alipaza sauti nyuma, na umati wote ukaangua kicheko. Sindano alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne huku uso ukimwaka moto, na njia nzima alikuwa anatabasamu.

Kesho yake fundi alitokea dukani, eti amekuja kuhakikisha lifti inafika. Keshokutwa akaja kuhakikisha inashuka. Siku ya tatu hakuwa na kisingizio, akavuta kiti na kuomba afundishwe ule mchezo. Uliitwa Kitambaa Hakitoshi. Kila mchezaji ni fundi cherehani mwenye kipande kimoja cha kitambaa, na lazima akate humo nguo za familia nzima inayokwenda harusini. Vipande visipandane, na maua ya kitambaa yote yatazame juu, kama anavyojua mshonaji yeyote aliyewahi kufokewa na mteja. Unapoona umemaliza, unafungua kadi ya mgeni, na hapo shemeji usiyemtarajia anabisha hodi naye anataka nguo ya kufanana na wenzake. Fundi alifungwa, akacheka, akaomba tena, akafungwa tena.

Baada ya hapo simu zao hazikuwa na kikomo, na fundi naye akapachikwa jina, Lifti.

"Lifti wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka juu. Sauti yako imenipandisha mpaka paa."

"Shuka basi ukanawe uso, mpenzi, utachelewa kazini."

Ni Lifti aliyemwambia Sindano habari ya maonyesho ya michezo ya mezani. Alikuwa akienda kila mwaka, na siku hizo huacha nyundo na spana akawa msimamizi wa meza. Kulikuwa na eneo maalumu la michezo mipya, na mwanamke mmoja mchapishaji hupita hapo kutafuta wa kuchapisha.

"Watu wazima wanakusanyika kucheza?" Sindano aliuliza kwa mshangao.

"Ukumbi mzima, malaika wangu. Tena wanagombana."

Sindano hakulala vizuri wiki ile. Miaka yote gauni lake likisifiwa barabarani, lililosifiwa ni duka la shangazi, na hakuwa na kinyongo, kazi ni kazi. Ila huu mchezo ulikuwa wa kwake peke yake, kuanzia wazo mpaka mkasi. Alitaka, mara moja tu maishani, kitu alichokitengeneza kijulikane kuwa ni chake. Shangazi alimtazama akikunja sanduku jipya la kadibodi, akatema pini mdomoni na kusema, "Huyo fundi wako anakusaidia sana. Angalia asije akasaidia mpaka kitu kikawa chake." Sindano alimwambia shangazi aache wivu, lakini neno lenyewe lilimkaa.

Siku ya maonyesho alivaa gauni la kijani kibichi lenye kola nyeupe, na Lifti alimpokea mlangoni akiwa na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Ndani, Sindano alisahau hata kumsalimia. Meza zilijaa ukumbi kutoka ukuta hadi ukuta, kete zikigonga mbao, harufu ya kadibodi mpya ikichanganyika na ya kahawa. Bwana mmoja mwenye tai alikuwa anasimama na kukaa kwa uchungu wa kondoo wake wa mbao aliyeibwa. Mama mtu mzima alimsihi mwenzake amwachie kisima chake, tafadhali, ana watoto. Hakuna aliyeona haya. Sindano alihisi machozi yanamlenga, kwa sababu aliwahi kudhani ni yeye peke yake duniani mwenye wazimu wa aina hii.

"Umependa?" Lifti aliuliza.

"Nyamaza, usinitoe kwenye ndoto."

Walipofika kwenye michezo mipya, Lifti alilipanga sanduku mezani kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto, kisha akamwonyesha kiti mbali, karibu na ukuta. "Kaa pale, kipenzi. Usisogee mpaka nikuite."

Na hapo ndipo alipokosea. Kwenye maonyesho yale kuna desturi ambayo wenyeji wameizoea mpaka wamesahau kwamba mgeni haijui. Mchezo mpya unapojaribiwa, mtunzi hukaa mbali na kufunga mdomo. Msimamizi wa meza naye huweka maelezo yaliyoandikwa, kisha hajibu swali lolote, liwe la sheria au la mtunzi ni nani, mpaka mchezo uishe. Nia ni kuona kama mchezo unaweza kujisimamia. Lifti aliijua desturi hiyo kama anavyojua kufunga kamba za viatu vyake, na kwa hiyo haikumjia akilini kuisema.

Wakaketi wachezaji watatu wasiojulikana: mzee mwenye kofia ya sufu, na mume na mke waliokuwa wanabishana kabla hata kadi hazijagawiwa. Punde wakazama. Mke akaunyakua mkono wa shati ambao mume aliuhitaji, mume akashika kichwa, mzee akacheka mpaka kofia ikakaa upande. Sindano, kule ukutani, alikuwa anakalia ukingo wa kiti.

Ndipo akaja mchapishaji mwenyewe, mama wa miwani mikubwa na sauti ya kujaza ukumbi. Alitazama kidogo, akatikisa kichwa kwa furaha, akamgeukia Lifti.

"Kijana, hiki kitu umekitunga wewe?"

Sindano alingoja. Lifti aliinamisha macho, hakusema neno.

"Loo, na unyenyekevu juu! Hongera, kijana. Una kichwa."

Lifti akabaki kimya vilevile. Sindano alisimama. Akatoka nje mpaka kwenye ngazi za ukumbi, akampigia shangazi.

"Shangazi, ulisema kweli. Ameuchukua. Wanampa hongera na amekaa kimya!"

"Kwanza pumua. Mchezo uko wapi?"

"Nimeuacha ndani."

"Umeuacha?" Shangazi alipandisha sauti mpaka ikabidi Sindano aisogeze simu mbali na sikio. "Mimi nimekulea uache vitu vyako kwa watu? Rudi ndani. Kulia utalia baadaye, ukiwa nao mkononi!"

Sindano akafuta macho, akanyoosha kola, akarudi. Watu walimpisha njia bila kuombwa. Alifika mezani akaweka kiganja katikati ya vitambaa vya kadibodi.

"Huu mchezo ni wangu! Nimeutunga mimi, kila kipande nimekikata mimi. Huyu ni fundi wa lifti!"

Watu wa meza za jirani wakageuka. Lifti alifumba macho kama mtu aliyeona glasi inadondoka na hawezi kuidaka. Mama mchapishaji akavua miwani polepole.

"Basi pole sana, mwanangu," alisema. "Mtunzi akifungua mdomo, jaribio limefutwa. Ndiyo sheria ya hapa. Unadhani kwa nini kijana huyu amekuwa bubu mbele yangu muda wote, hata nilipomchokoza kwa hongera za uongo nione kama atateleza? Hakukwambia?"

Sindano alimgeukia Lifti. Sasa alielewa yote kwa mkupuo, na aibu ilimpanda kuliko hasira iliyotangulia.

"Nilidhani unajua," Lifti alisema kwa sauti ya chini.

"Ningejulia wapi? Leo ndiyo mara yangu ya kwanza!"

"Nimekosa, mpenzi. Ilinipasa nikwambie kabla ya chochote. Aliponiuliza, nilitamani kupanda juu ya meza nionyeshe ulipokaa. Nimejizuia mpaka nimetoka jasho, tazama hili shati."

"Na mimi nimekudhania mwizi."

"Mwizi? Mimi?"

"Kidogo."

"Kidogo tu?"

"Sana," alikiri. "Nisamehe. Nimeuharibu mwenyewe."

Mchapishaji alikwisha kufunga mkoba wake. "Mwakani uje tena," alisema, akaanza kuondoka. Lakini mzee wa kofia hakunyanyua hata kiwiko.

"Anayefunga meza ni nani? Mimi nimebakiza kola moja tu."

"Na mimi sibanduki hapa," alidakia yule mke. "Huyu bwana hajavalisha watoto, nataka nimwone akiaibika."

"Wanangu watavaa!" mume alibisha. "Dada, wewe si ndiye mwenyewe? Niambie, hii mifuko naweza kuigeuza ubavu?"

Sindano alimtazama Lifti. Lifti akatabasamu, akampisha nafasi yake. Jaribio likiwa limekufa, hakuna tena aliyemzuia kusema, basi akasema. "Igeuze, baba, lakini maua yako yatatazama chini. Mteja akija hapo utajificha wapi?" Wakacheka. Akaeleza, akatania, akafunua kadi ya mgeni kwa madaha, na sauti yake ikazidi kupanda mpaka watu wakaacha kondoo na visima vyao kuja kuangalia. Mzee alipokosa nafasi ya suruali ya shemeji kwa upana wa kidole, ukumbi wote upande ule ulipiga yowe. Lifti alisimama nyuma, mikono kifuani, anamtazama mpenzi wake, na fahari iliyomjaa ilionekana hata kwa asiyemjua.

Mchapishaji alikuwa hajafika mbali. Alirudi, akavuta kiti.

"Sheria inanikataza kuuhukumu," alisema. "Haijanikataza kucheza. Nipeni kitambaa."

Alicheza akiwa ameuma ulimi. Alipanga, akapangua, akapanga upya, akafungua kadi ya mgeni, akakuta shemeji wawili kwa mpigo, akaangusha paji la uso mezani. Alipoliinua alikuwa ameshika kalamu.

"Watu niliowafungia meza wamegoma kuondoka. Mimi sijawahi kuona jaribio zuri kuliko hilo. Kazi ipo, binti, tutabishana sana mimi na wewe, lakini nautaka. Kwenye sanduku tuandike jina la nani?"

Lifti aliangalia kwingine, asije akamwibia hata hilo. Sindano alinyooka wima katika gauni lake la kijani. Akalitaja jina lake lote, lake, la baba yake na la babu yake, taratibu, herufi kwa herufi pale mama yule alipoomba, na kila herufi ilipoandikwa aliisoma juu chini kwenye karatasi kuhakikisha imekaa sawa.

"Na huyu bubu wetu?" mchapishaji aliuliza, akimnyooshea Lifti kalamu.

"Huyo ni mchumba wangu."

Lifti aliruka. "Mchumba? Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Una pingamizi?"

"Pingamizi!" Lifti alicheka, na macho yakamlowa mbele ya watu wote wale. "Mwezi mzima natafuta maneno ya kukuomba, nawaza niyaseme wapi, niyaanze vipi, na wewe unayamaliza mbele ya kadamnasi?"

"Ulikuwa unachelewa, mpenzi. Basi niombe."

Akamwomba hapohapo, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye meza ya kahawa, na Sindano akajibu ndiyo kwa sauti ileile. Mume na mke waliacha kubishana wakapiga makofi. Lifti alikuwa ameshatoa simu mfukoni, vidole vinakosea namba.

"Mama? Umekaa? Kaa kwanza. Nimechumbia, mama. Ndiyo, yeye. Hapana, mama, si fundi cherehani tu. Ni mtunzi. Mchezo wake unachapishwa, jina lake linakwenda juu ya sanduku, watu wamejaa hapa wanampigia makofi. Natamani ungemwona. Ngoja, ongea naye mwenyewe."

Akamnyooshea simu. Sindano, ambaye dakika chache tu kabla alisimama mbele ya ukumbi mzima bila kutetereka, alifuta viganja kwenye gauni, akashusha pumzi, akaishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."