Alinikata Sauti Yangu kwa Wembe, Nami Nikimshikia Tepu

Nina umri wa miaka thelathini na moja, sijaolewa, na ni mwalimu wa elimu ya watu wazima hapa Bunda. Wasomaji wenzangu, mkinikuta njiani mtadhani ni mtu asiye na neno. Nacheka, nasalimia, nauliza habari za watoto. Lakini redio ikifunguliwa karibu yangu, natafuta sababu ya kuondoka... Naomba mnisikilize.

Kwetu ni kijiji cha Buswahili, na baba yangu alikuwa mkulima wa pamba. Jina lake Mzee Magesa. Hakwenda shule hata siku moja. Ujana wake aliumalizia machimboni Buhemba, akarudi na kifua kibovu na hadithi zisizokwisha. Akianza kusimulia, watu waliacha majembe. Na akilishika litungu, lile zeze letu kubwa la nyuzi nane, hata walionuniana walikaa benchi moja!

Nilipoanza kazi, ofisi ya wilaya ilinikabidhi kinasa sauti, mashine nzito inayozungusha tepu, ya kubeba kwa mikono miwili. Ndiyo kwanza watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa. Kazi yangu ilikuwa kuwarekodi wakulima wanavyoeleza mambo yao, kisha kuwasikilizisha wenzao wa kijiji kingine.

Niliipenda kazi ile jamani! Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe kumkinga mzee na upepo wa ziwani ili maneno yake yasipeperuke. Nilijifunza kuuliza swali moja, halafu kunyamaza mpaka mtu atoe la moyoni.

Nilimrekodi na baba. Kijiji chetu kilikuwa kimehamishwa, naye akaeleza alivyobomoa nyumba yake kwa mikono yake, akabeba milango kichwani hadi kijiji kipya, na alipofika akakuta hakuna ukuta wa kuitundika. Alicheka aliposema hivyo, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. Kisha akapiga litungu... Katika tepu zangu zote hakuna iliyoifikia ile.

Wakati huo nilikuwa nimechumbiwa na Masatu, kijana wa Kamunyonge pale Musoma. Alikuwa fundi wa gari la sinema lililozunguka vijijini, mpole, msafi, mwenye maneno matamu. Mama alimpenda kama mwanawe. Kila akija alimletea sato wabichi, na mama alikuwa akimwambia, "Wewe mtoto, ulikuwaga wapi siku zote?"

Siku moja Masatu akaja mbio. Kituo cha redio cha Dar es Salaam kilikuwa kimetangaza kazi ya watayarishaji wa vipindi, na kila mwombaji alitakiwa kupeleka mifano ya kazi zake za sauti.

"Nyangeta, hii kazi ni yako," aliniambia. "Nani mwingine mkoa mzima wa Mara ana tepu kama zako?"

Nililia kwa furaha. Mimi, mtoto wa Buswahili, niende kutengeneza vipindi vya nchi nzima!

Nilitaka kupeleka tepu zote. Masatu akakataa. Alisema wakubwa hawana muda wa kusikiliza mzigo. Nichague chache, na iliyo bora kuliko zote niiweke mwanzo. Hapo alisema kweli, siwezi kumnyima haki yake. Tukamchagua baba, tukamchagua mama mmoja mkulima wa pamba, na wavuvi wawili wa Musoma waliokuwa wakibishana kuhusu nyavu.

Kisha akasema maswali yangu yanaziba utamu.

"Waache wazee waseme wenyewe. Ndivyo wataalamu wanavyofanya. Na jina lako usilitaje ndani ya tepu, utaonekana una majivuno. Jina litakaa kwenye barua ya maombi."

Ningejuaje? Yeye ndiye aliyezoea mitambo!

Basi akachukua wembe na gundi. Mimi nikaishika tepu kwa vidole, imekazwa vizuri, naye akawa anakata. Kila palipokuwa na sauti yangu, alikata. "Enhee, baba, ikawaje?" Ikaanguka chini. "Ulijisikiaje siku hiyo?" Ikaanguka. Alipomaliza, nikachukua ufagio nikajifagia mwenyewe, nikajitupa jalalani... na nikamshukuru!

Nilimwuliza kama si vizuri tunakili kwanza. Akanijibu kwamba mashine ya pili hatuna, tena sauti ya kunakiliwa hufifia. "Peleka yenyewe," alisema. Yeye mwenyewe alikuwa anakwenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya kazi, kwa hiyo angezifikisha kwa mkono wake. Nilimkabidhi tepu pamoja na barua yangu stendi ya Musoma, zimefungwa kwenye kanga yangu. Akapanda basi, akanipungia.

Wiki za kwanza aliniandikia. Alisema maombi yangu yamepokelewa, nisubiri. Kisha akasema wanawake wanafikiriwa mwisho, nizidi kusubiri. Kisha akanyamaza.

Mvua zilipoanza, kifua cha baba kikazidi. Tulimpeleka hospitali ya Musoma, tukarudi naye, tukampeleka tena. Mara ya pili tulirudi na mwili.

Nilimpelekea Masatu habari ya msiba. Hakuja. Hakutuma hata pole!

Baada ya matanga mama aliniita akaniuliza, "Ile sauti ya baba yako uliyoichukua iko wapi? Nataka kumsikia." Nikamwambia iko Dar es Salaam, itarudi. Akasema sawa, atasubiri.

Haukupita muda mrefu, nikawa na kikundi changu cha kusikiliza redio hapa Bunda. Ilikuwa mchana, wakulima wamejaa darasani, na mama alikuwa amekuja kunitembelea, ameketi mbele karibu na redio. Kipindi cha vijijini kikaanza. Nikasikia litungu.

Kisha sauti ya baba ikajaza darasa! Milango kichwani, ukuta hakuna, kicheko, kikohozi... Na katikati ya maneno yake akasema, "Unasikia, mama?" Darasa zima lilidhani anaongea na wasikilizaji. Alikuwa anaongea na mimi! Ndivyo alivyoniita tangu utotoni, mama. Masatu alikuwa ameikata sauti yangu yote, lakini hilo hakujua la kulifanya.

Kipindi kilipokwisha, tukasikia, "Aliyewarekodi wazee hawa na kuwatayarishia kipindi hiki ni mimi, Masatu..."

Watu walipiga makofi. Mmoja akasema, "Mwalimu, si ndiye mchumba wako? Hongera!"

Mama hakupiga makofi. Alikuwa ameweka kiganja juu ya redio kama anayepima homa ya mtoto. Akanigeukia, machozi yanamtiririka. "Nyangeta, mwambie arudie. Mwambie arudie kidogo tu."

Ningemwambia nani, wasomaji wenzangu?

Nilikwenda Musoma kwa Bwana Elimu, mkuu wangu wa kazi. Alikuwa mtu mwema, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ndugu Nyangeta, sauti yako imo?" Nikasema haimo. "Jina lako limo?" Halimo. "Unayo nakala?" Sina. Akavua miwani, akaisugua sana. "Mimi nakuamini. Lakini huko Dar es Salaam nitawaambia nini?" Nilikaa kwenye kile kiti mpaka karani akaja kufunga madirisha.

Masatu alikuja Musoma mwaka uliofuata, amevaa suti, kumtambulisha mke. Ndiyo, mke! Nilimkuta nje ya nyumba ya wazazi wake Kamunyonge. Nilikuwa nimepanga maneno makali njia nzima.

"Kwa nini, Masatu?" ndilo pekee lililotoka.

Hakuona haya. "Kazi ya redio ni ya pamoja, Nyangeta. Wewe ulirekodi, mimi nikakata, wananchi wamefaidika. Si ndio ujamaa wenyewe?"

Nikamwambia achukue kazi, achukue na sifa. Nilimwomba kitu kimoja tu: tepu ya baba. Nilimwomba nimepiga magoti kwenye mchanga, mkewe akitutazama dirishani.

Kwa mara ya kwanza akatazama chini. "Ile haipo," akasema. "Kule tepu ni chache. Kipindi kikishatoka, nyingine zinafutwa, vinarekodiwa vingine juu yake."

"Juu ya baba mmerekodi nini?"

"Sikumbuki. Nadhani mpira."

Nilirudi Bunda sijui vipi. Mama, ambaye siku hizi naishi naye, sijamwambia mpaka leo. Siku ya kile kipindi huvaa kanga safi, huketi karibu na redio, na husema labda leo watarudia. Nami hukaa naye kidogo, kisha husingizia jikoni. Nitamwambiaje kwamba mumewe amekufa mara mbili?

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi vijana mnaopenda kazi za sauti na picha! Mkitaka kuonyesha kazi zenu ili mpate ajira, chagueni zilizo bora, ni sawa. Lakini taja jina lako mwanzoni kwa mdomo wako mwenyewe, hata wakuite mwenye majivuno. Usikubali mtu akuondoe ndani ya kazi yako kwa kisingizio cha utaalamu. Usitoe ile ya asili kabla hujapata nakala, hata ikibidi kutembea hadi Mwanza kutafuta mashine ya pili. Na barua yako ya maombi ipeleke wewe, si yule akupendaye.

Mimi bado nafundisha kusoma na kuandika. Kinasa sauti ofisi ilikichukua, na sikukiomba tena. Lakini wewe unayesoma haya, kama mzee wako bado anaongea, nenda kamrekodi. Fanya nakala. Na hiyo nakala mpe mama yako, aiweke ndani.