Kioo cha Nyuma Kushoto

Dada yangu aliniletea gari jua linazama, nimeshaanza kukusanya spana. Kioo cha nyuma kushoto kilikuwa hakipandi. Kila akibonyeza swichi, fyuzi inaungua.

"Kaka, nisaidie leo leo. Mtoto na pumu yake, vumbi lote linamwingilia yeye."

Mpwa wangu alikaa nyuma, kajifunika mtandio wa mama yake mpaka puani. Akanipungia mkono huku anakohoa. Roho iliniuma.

"Aliyetuuzia alisema kioo hicho tukiache wazi," dada akaongeza. "Yeye aliendesha hivyo hivyo, hata mvua ikinyesha."

"Mvivu tu huyo." Mimi na wavivu hatuivi chungu kimoja.

Nikawaambia wakangoje duka la jirani, ufunguo wauache kwenye gari. Nikafungua mlango. Mota nzima. Swichi nzima. Waya zinazopita kwenye bawaba, ambako huchubuka mara nyingi, hazikuwa hata na mkwaruzo. Nikachomeka fyuzi mpya. Kioo kikapanda... kikapanda... kikabakiza upana wa kiganja.

Tap!

Nikabadilisha fyuzi. Kikafika pale pale, tap! Nilitegemea harufu ya plastiki iliyoungua. Ikanijia ya udongo mbichi, udongo wa shimo refu.

Mwenye akili timamu angeacha. Mimi nikapandwa na hasira, nikafanya lile ninalowagombeza mafundi wenzangu kila siku: mahali pa fyuzi nikaweka kipande cha waya mnene. Waya hauungui kirahisi. Tuone sasa nani mbabe.

Nikabonyeza. Kioo kikafika pale pale, kikatetemeka. Mota ikaguna kwa uchungu. Kisha kikapita, kikafunga kabisa.

Halafu, ndani ya gari lisilo na mtu, mnong'ono...

"Sasa nitatokea wapi?"

Nilibonyeza kukishusha, kikagoma, nikatoka mbio kutafuta koleo nikishushe kwa nguvu. Kila nilichoshika kikaniponyoka. Nyuma yangu injini ikaunguruma. Dada alikuwa ameona kioo kimefunga, akampakia mtoto, akaondoka kwa furaha.

"Dada! Simama!"

Honi moja ya kuniaga. Mpwa wangu alinipungia, kioo kikiwa na ukungu wa pumzi yake. Juu kidogo ya ule ukungu palikuwa na ukungu mwingine, wa pumzi nyingine.

Nikapiga simu. Akapokea.

"Kaka, mbona sasa hakishuki? Na huyu mtoto anaongea na nani huko nyuma?"

"Mtoe! Mtoe mtoto kwenye gari!"

Breki zikalia. Simu ikaanguka. Nikasikia dada akivuta mlango wa nyuma, akiita, akiugonga kwa ngumi. Mlango ukagoma, wa mbele nao ukawa umejifunga. Ndani, karibu na simu, mpwa wangu alizungumza taratibu.

"Mama, anasema hana hewa. Anaomba yangu."

"Vunja kioo!" nilipiga kelele, na hakukuwa na wa kunisikia.

Kwenye simu zikabaki pumzi za wawili...

Kisha za mmoja.