Mboga za Asmahani Zilizoiva kwa Pamoja

Nyumba ya fundi Awadhi iko Cheyo, mjini Tabora. Kila asubuhi baada ya sala, kila mtu huwa na kazi yake. Baba hutoa cherehani barazani. Mama huteka maji kisimani na kumwagilia bustani ya mboga iliyo nyuma ya nyumba. Asmahani, binti wa miaka kumi na miwili, hufagia uwanja. Mdogo wake Issa hutafuta viatu vya shule, kwa sababu kila jioni huviacha mahali asipopakumbuka.

Mwaka huu, mvua zilipokwisha, mambo yalibadilika. Mama mdogo alijifungua huko Ujiji, na Mama alitakiwa kupanda treni kwenda kumtunza mpaka arobaini itimie. Matuta manne ya bustani yalikuwa yamelimwa na kutiwa samadi, lakini hayajapandwa kitu.

"Bustani nitamwachia Asmahani," Mama alisema akifunga mizigo.

"Huyu mtoto?" Baba aliuliza. "Kweli tutakula mboga?"

"Mtakula. Mwanangu anaweza." Kisha Mama akampa Asmahani mbegu za mchicha na za kunde. "Panda kidogo kidogo, mama. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama," Asmahani alijibu. Kwa kweli alichosikia vizuri ni yale maneno "mwanangu anaweza". Yalimfurahisha mno hata yaliyofuata yakampita.

Kesho yake alipotoka shule alianza kazi pamoja na rafiki yake Julieth, anayekaa nyumba ya jirani. Alimwaga mchicha kwenye tuta la kwanza, la pili na la tatu. La nne akalijaza kunde.

"Mbona unazimaliza zote?" Julieth aliuliza.

"Nataka Mama akirudi akute kijani kitupu, kutoka ukutani mpaka kwenye ua!"

Julieth aliiona picha hiyo akilini, naye akaipenda. Tangu siku hiyo wakawa wanateka maji pamoja asubuhi na jioni. Ndoo zilikuwa nzito na mikono iliwauma, lakini mbegu zilipochipua walicheza kwa furaha katikati ya matuta. Watu waliopita uchochoroni walisimama kuchungulia. Hata Baba aliacha cherehani yake akaja kutazama. "Nilikuwa na wasiwasi bure," alisema.

Mboga zilipokomaa, jioni ya kwanza Asmahani aliunga mchicha kwa nazi, na watu wote watatu wakafuta sahani kwa vidole. Jioni ya pili walikula mchicha tena. Ya tatu pia. Bustani ilikuwa imeiva yote kwa mara moja, na kila alipong'oa kidogo, uliobaki ulizidi kurefuka.

"Dada," Issa aliuliza jioni moja akifunua sufuria, "leo ni mchicha kwa ugali, au mchicha kwa mchicha?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Asmahani naye alicheka, ingawa moyoni alianza kuona haya.

Akaamua kugawa. Yeye na Julieth walijaza mboga kwenye beseni, wakapita nyumba kwa nyumba. Mara ya kwanza majirani walishukuru sana. Mara ya pili walishukuru kidogo. Mara ya tatu, mzee mmoja aliwaona kwa mbali akapaza sauti kabla hawajatoa hata shikamoo: "Mboga tunazo, wajukuu zangu! Tunazo!"

Wiki ile Mama alipiga simu. "Baada ya wiki mbili narudi, inshallah. Nakuja na mama mdogo na mtoto, watakaa nasi kwa muda. Mzazi anahitaji mboga za majani. Zipo?"

"Zipo, Mama. Nyingi sana."

Alipokata simu, Asmahani alikwenda bustanini akachuchumaa. Mchicha ulikuwa umeanza kutoa maua, na mashina yalikuwa magumu kama vijiti. Baada ya wiki mbili hapangekuwa na jani la kuliwa. Mama alimwamini, na wageni wangekuja kukuta magugu. Machozi yakamtoka.

Baba alimkuta pale. Hakumgombeza. Alichuchumaa kando yake, futi yake ya kupimia bado ikining'inia shingoni.

"Ulipopanda, ulijua sisi tunakula mboga kiasi gani?"

"Sikujua, Baba. Nilitaka ziwe nyingi tu."

"Mimi mteja akija, hata awe na kitambaa kingi vipi, sikati kabla sijampima mwilini. Nikikata kwa macho, nitamharibia nguo." Akamfuta machozi kwa kiganja. "Mbegu zimebaki?"

"Hazijabaki."

"Basi hizo tutanunua nyingine. Hesabu ufanye wewe."

Asmahani alifikiri. Akachukua sufuria ya mboga ya nyumbani, akang'oa mchicha uliokuwa bado laini mpaka ukatosha kupika chakula cha jioni hiyo. Kisha akatazama ardhi iliyobaki wazi. Ilikuwa ndogo! Ilitoshana na mswala wa Baba wa kuswalia.

"Julieth! Njoo uone!" aliita juu ya ukuta. "Sufuria moja ni mswala mmoja tu!"

Julieth alikuja mbio, na mama yake, Benedikta, akamfuata kuona kelele ni za nini. Asmahani alimwamkia, kisha akaeleza kwa haraka. Kama wanakula mchicha mara tatu kwa wiki, basi kila wiki apande miswala mitatu, asizidishe. Huu ukiliwa, ule unakua, na mwingine unachipua. Hata maji ya kumwagilia yangepungua.

"Hapo umesema," Benedikta alisema. Akageukia tuta la kunde. "Na haya majani mazuri utayaacha yazeeke? Kwetu Ziba tunatengeneza nsansa. Tunakula mboga hata wakati wa ukame."

"Nsansa ni nini?"

"Majani ya kunde yaliyokaushwa. Lete jamvi, mwanangu."

Jumamosi nzima walichuma, wakachemsha kidogo na kuanika juani. Issa alipewa kazi ya kufukuza kuku, akaifanya kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika. Mchicha uliokomaa waling'oa, wakampelekea jirani mwenye mbuzi. Hao mbuzi ndio peke yao mtaani ambao hawakuukataa.

"Wabeja, mama Julieth," Asmahani alisema jioni, akijaribu kushukuru kwa Kisukuma. Benedikta alicheka kwa furaha akamkumbatia.

Siku Mama aliporudi, alishuka kwenye bajaji na mama mdogo, na kichanga kimefunikwa kwa khanga. Baada ya salamu na vigelegele, Mama alielekea moja kwa moja nyuma ya nyumba. Asmahani alimtangulia akasimama mbele yake.

"Mama, kabla hujaona. Uliniambia nipande kidogo kidogo, mimi nikapanda zote siku moja. Mchicha mwingi umeharibika. Nisamehe."

Mama alitazama matuta. Hapakuwa na kijani kutoka ukutani mpaka kwenye ua. Palikuwa na kipande cha mchicha mchanga uliofikia kupunguzwa na kuliwa, kipande kilichochipua juzi, na kipande kilichofunikwa nyasi kwa ajili ya mbegu za jana. Sehemu nyingine zilikuwa tupu, zikisubiri zamu yake.

Mama alitabasamu. "Nani amekupangia hivi?"

"Nimepima mwenyewe. Kwa sufuria."

Usiku walikula ugali na nsansa iliyoungwa kwa karanga, pamoja na mchicha mchanga kidogo. Mama mdogo aliomba kuongezwa, kisha akaomba tena.

"Asmahani," Mama alisema wakinawa mikono, "kila mtu hukosea shambani, hata mimi. Umefanya vizuri kuniambia kabla sijaona. Na sasa unajua: kabla ya kupanda, waangalie kwanza walaji, ardhi na maji yako. Panda kinachotosha, kwa wakati wake, na jasho lako halitapotea. Haya, niambie. Wageni wamekuja. Wiki hii tutapanda kiasi gani?"

Asmahani aliwatazama wote waliokaa mkekani. "Ile miswala mitatu ya wiki ilitutosha sisi watatu. Sasa nitaongeza mmoja wa Mama na mmoja wa mama mdogo," alisema. Akafikiri kidogo. "Na nusu."

"Hiyo nusu ya nani?" Issa aliuliza. "Mtoto hana meno!"

"Ya mama mdogo tena. Ananyonyesha."

Kicheko kiliijaza nyumba. Mtoto akashtuka, akaanza kulia, na mama yake akamchukua kumnyonyesha.