Vidole Vitatu Kinenani

Jumatatu saa moja asubuhi, nesi Beatha alifungua chumba cha mishipa ya moyo katika kliniki moja binafsi ya Soweto, mjini Moshi, akakanyaga damu kabla hajawasha taa.

Dakta Wenseslaus, mwenye kliniki, alikuwa chali sakafuni. Uso wake ulikuwa umepondwa kwa stendi ya dripu mpaka taya likahama. Suruali ilikuwa imevutwa chini. Kwenye kinena cha kulia kulikuwa na jeraha moja la kina, na kisu cha upasuaji kilikuwa pembeni. Kisu hicho hukaa mezani. Yeyote angeweza kukichukua.

Inspekta Mektrida alichuchumaa. Upana wa vidole viwili juu ya jeraha, kuelekea tumboni, palikuwa na alama za damu za vidole vitatu vilivyovaa glavu. Vilikuwa vimebonyeza kwa nguvu.

"Muuaji alijaribu kuzuia damu," alisema Koplo Ndelilio.

"Halafu akaacha. Piga picha."

Nje palikuwa na kelele. Watu walikuwa wamemkamata getini Sifael, muuza nyama wa Kibosho, akiwa na aproni yenye damu. Walimvunja vidole vya mkono wa kulia kwa jiwe, kimoja kimoja, na tairi lilikuwa tayari shingoni. Ndelilio alifyatua risasi hewani, akamburuta ndani.

"Shikamoo, mama," Sifael alisema kupitia midomo iliyopasuka.

"Marahaba. Umemuua?"

"Damu hii ni ya ng'ombe. Nimechinja alfajiri."

"Getini wanasema ulimtishia daktari kwenye mazishi ya baba yako. Ulisema nini?"

"Nilisema daktari naye atakufa. Kihamba kizima, ukoo na majirani, kilinisikia, siwezi kukataa."

"Na leo umefuata nini hapa?"

"Marehemu aliniita mwenyewe, jana. Alisema tunamlaumu mtu siye, nije anieleze."

Dakta Anold, aliyefanya kazi na marehemu, alikuwa amesimama mlangoni. "Mnapoteza muda kusikiliza hadithi za buchani? Mtoeni nje. Wananchi wanajua la kufanya."

"Wananchi hawalipwi mshahara wa upelelezi," Mektrida alimjibu. Akamvuta Beatha kando. "Baba yake alikufaje?"

"Moyo, Afande. Zamani alitolewa mshipa mguuni, ukapandikizwa moyoni ili damu ipate njia mpya. Mshipa wa namna hiyo ukizeeka unajaa mafuta laini, kama uji. Tunapitisha mrija kinenani mpaka moyoni, tunapuliza puto dogo, tunaacha stenti, kile kijibomba cha waya kinachoshikilia njia isizibe."

"Na hiyo inaua?"

"Uji ukimeguka unakwenda kuziba mishipa midogo mbele. Ndiyo maana Dakta Wenseslaus aliagiza tutangulize kichujio, kama mwavuli mdogo, kinase uchafu. Tangu tuanze kukitumia, wagonjwa wengi walitoka hapa kwa miguu yao."

"Baba yake Sifael alitangulizwa mwavuli?"

"Siku hiyo sikuwa zamuni. Alihudumiwa na Dakta Anold."

Geti lilianza kulia. Jiwe lilipasua dirisha la mapokezi. Mektrida alijua likianguka geti, Sifael atachomwa mbele ya macho yake.

Aliwakusanya Sifael, Beatha na Anold haraka. "Ndelilio, lala kitandani." Akamwekea doa la kalamu kinenani, juu ya suruali.

"Afande, mimi nina mke!"

"Hataambiwa. Haya, mtu huyu anatoka damu kwenye doa hili. Kila mmoja aizuie damu hiyo. Sifael, wewe kwanza."

Sifael aliweka kiganja cha kushoto juu ya doa lenyewe. Beatha alikuja na vidole vitatu, akabonyeza juu kidogo ya doa, upana wa vidole viwili.

Anold alisita. Kisha akabonyeza doa.

Beatha alicheka kwa mshangao. "Daktari! Si wewe unayetugombeza kila siku? Tukichomoa mrija tubonyeze juu, tundu la mshipa liko juu kuliko la ngozi!"

Hakuna aliyecheka naye.

"Muuaji alibonyeza juu ya jeraha. Muuza nyama hajui hilo," Mektrida alisema. "Nesi anajua, wala haogopi kuonyesha. Wewe unajua kuliko wote, ila leo umesahau. Kwa nini, Daktari?"

Anold alinyakua mkasi, akamchoma Ndelilio begani na kumkaba Beatha. Mektrida aliinua kiti cha chuma, akakishusha juu ya mkono wa daktari. Mfupa ulilia. Akampiga tena, kwenye goti, akamfunga pingu akiwa analia sakafuni.

"Ulimnyima mzee mwavuli?"

"Mkono wangu hauhitaji mwavuli!" Anold alifoka. "Nilisimama mbele ya madaktari wenzangu nikasema hivyo. Wenseslaus akachukua picha za moyo wa yule mzee, akaniambia angalia uchafu ulivyoziba, leo namwambia mwanawe. Angenimaliza."

"Na vidole vile?"

Anold alifumba macho. "Damu iliporuka, mkono ulikwenda wenyewe. Nikavuta suruali, nikabonyeza. Damu ikaanza kukatika. Halafu nikakumbuka kwamba akipona, atasema."

"Ukaachia."

"Nikaachia."

Sifael alikuwa ameshika stendi ya dripu kwa mkono wake mzima. Ndelilio alikuwa akivuja damu. Kati ya muuza nyama na daktari alibaki Mektrida peke yake.

"Amemuua baba, mama."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa niungue badala yake."

"Ndiyo. Ukimuua, nitakufunga wewe, na mahakamani hakuna atakayelazimika kutaja baba yako alikufa kwa nini. Chagua upesi, geti linaanguka."

Sifael alipumua kwa kelele. Kisha aliiegemeza stendi ukutani taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani.

"Mtoe huyu kwa mlango wa nyuma," alisema. "Mimi napita wa mbele, niwaambie muuaji ni nani. Walionivunja wanitazame usoni."

Akatoka, mkono wake uliovunjika ameuinua juu.